Pesa iko ndani ya simu, gunia liko Kituku

Wandugu, ndio nimefika nyumbani sasa hivi. Viatu bado vina matope ya Kituku, bandari yetu ya boti hapa Goma.

Tangu benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, biashara yangu ya maharage imehamia ndani ya simu. Mama wa Minova ananitumia picha ya magunia kwa WhatsApp, mimi namtumia pesa kwa simu, boti inavuka ziwa. Kusema ukweli, inaenda mbio kuliko zamani, nilipokuwa nangoja mtu wa kunibebea bahasha.

Leo boti imetia nanga saa mbili asubuhi. Magunia sita, kila moja limeandikwa namba yangu kwa makaa.

Halafu rezo, yaani mtandao wa simu, ikakatika.

Mwenye boti hataki kushusha bila nauli. Pesa ninayo, namwonyesha salio kwenye simu. Anaitazama, anacheka: "Dada, hiyo ni picha tu."

Noti niliyokuwa nayo ni moja, ya dola kumi, imechanika kidogo tu pembeni. Mnajua Goma yetu: dola ikichanika, imekufa.

Tumekaa masaa matatu juani. Mwishowe kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akapanda juu ya magunia, akainua simu yangu juu kabisa, mkono umenyooka, macho amefumba kama anasali.

Tii! Ujumbe umepita.

Ufuko mzima ukapiga vigelegele, hata wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa.

Nyinyi wa Bukavu, rezo ikipotea mnalipaje? Niambieni, kesho kutwa kuna boti nyingine.