Siku tuliyomwita Babu arudi kukamata mbwa

Watu wengi mjini hawajui kama manispaa ina watu wa mbwa. Wanawajua watu wa taka, watu wa leseni, mgambo wa kukimbizana na machinga, ila mbwa koko akianza kung'ata watu mtaani ndo simu zinaanza, mwananchi anampigia mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anampigia mtendaji wa kata, mtendaji anapiga idara ya mifugo, na pale idarani anayepokea ni mtu kama mimi. Manispaa yenyewe sitaitaja. Habari yenyewe naiandika kwa sababu miaka imepita na bado inaniuma.

Kwenye ikama idara yetu ilikuwa na watu wa kutosha kabisa, ukiisoma kwenye karatasi unaridhika. Ukija ofisini unakuta mkuu wa idara, daktari wa mifugo mmoja tu mwenye digrii ambaye kila alfajiri lazima awe machinjioni kukagua nyama, mimi niliyetoka chuo cha mifugo cha LITA Tengeru na stashahada yangu nikiwa nimeshikilia kata nne peke yangu, maafisa ugani wengine waliotawanywa pembezoni ambako kuna ng'ombe, na Babu. Babu hakuwa mzee wa kutisha, tulimwita hivo kwa vile alikuwa amekaa pale kuliko wote, wakuu wa idara wamekuja na kuhamishwa yeye yupo.

Huyu mzee alikuwa anajua mbwa. Hakimbii, hapigi kelele, hamwangalii mbwa machoni, anachuchumaa pembeni kama anatafuta kitu chake chini huku anaongea polepole, afu ghafla unaona kitanzi kimeshaingia shingoni. Mti wake wa kukamatia alitengeneza mwenyewe, bomba jembamba la chuma na waya wa breki umepita katikati, ule waya akauvalisha kipira ili usimkate mbwa. Na alikuwa amechanjwa, yeye Babu, chanjo ya binadamu ya kichaa cha mbwa, alipata zamani kwenye mradi mmoja wa utafiti uliopita pale. Mimi nilijilipia mwenyewe. Hao ndo waliochanjwa idara nzima, ukimtoa daktari.

Sasa mwaka 2016 serikali ikasimamisha ajira kwa ajili ya watumishi hewa, kwa hiyo anayestaafu haji mwingine, anayekufa haji mwingine. Halafu ukaja uhakiki wa vyeti. Aprili 28, 2017 ripoti ikakabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma, watumishi 9,932 wakaonekana wana vyeti vya kughushi, na Babu akawemo. Cheti cha kidato cha nne alichoajiriwa nacho kilikuwa si chake. Sitetei hilo, mwenye cheti chake alistahili haki yake. Ninachosema ni kwamba Babu aliondoka na ujuzi wote wa ile kazi na hakuna kiongozi aliyejiuliza kesho mbwa atakamatwa na nani. Hakuna makabidhiano, hakuna hata asubuhi moja ya kumwambia mzee njoo uwaonyeshe vijana kabla hujaenda. Mei haijaisha bado, wakatuletea vibarua wawili kutoka kitengo cha usafi.

Mmoja tulikuwa tunamwita Dogo. Kijana mwepesi, mcheshi, anajituma, ana mtoto mchanga nyumbani. Hana mkataba, analipwa kwa siku na hiyo hela ya siku inaweza kuja mwezi unaofuata au ule mwingine. Niliandika dokezo kwa mkuu wangu kwamba hawa vijana wachanjwe kwanza kabla hawajagusa mbwa, wakati ule zilikuwa sindano tatu tu kwa mtu ambaye hajang'atwa, na wapewe glovu ngumu na mafunzo. Nikaeleza kabisa kwamba huu ugonjwa dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa, mtu anakufa, na kwamba aliyechanjwa mapema hata aking'atwa anahitaji sindano mbili tu za nyongeza. Nikaenda mwenyewe kuuliza majibu. Akaniambia, "Dada, hawa hawana mkataba, nitawachanja kwa kifungu gani?"

Nikasema mkuu, basi wasikamate mbwa. Akasema tutaona mwaka mpya wa fedha.

Mwaka mpya wa fedha ukaanza Julai kama kawaida na pesa hazijashuka kama kawaida. Pikapu ya idara imechukuliwa kwenye maandalizi ya mwenge. Chanjo za mbwa zipo kwenye friji, mafuta ya kuzipeleka kwenye kata hakuna, na umeme ukikatika inabidi mimi nihangaike na barafu maana zile chanjo zinatakiwa nyuzijoto 2 hadi 8. Ndo hali hiyo tuliyokuwa nayo asubuhi ile simu ilipoingia.

Mwenyekiti wa mtaa mmoja jirani na soko alikuwa anapumua kama amekimbia. Mbwa ameng'ata watoto wawili waliokuwa wanaenda shule, ameng'ata na fundi baiskeli, sasa hivi yupo nyuma ya mabanda ya mkaa. Nikamuuliza yukoje, akasema mdomo umelegea, mate yanachuruzika, anayumba miguu ya nyuma, anang'ata hata mbao. Mwili ukanisisimka. Nikamwambia watu wote wakae mbali, watoto waoshwe vidonda kwa maji mengi na sabuni sasa hivi, wasisubiri mtu yeyote.

Nikaenda kwa mkuu. Daktari yupo machinjioni, gari hakuna. Mkuu akasema chukua vibarua nendeni na bodaboda, mwenyekiti ameshampigia hadi mkurugenzi. Nikamkumbusha kuhusu chanjo. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Wewe nenda, mbwa mmoja huyo."

Nilipotoka nje Dogo alikuwa ameshapanda bodaboda na kamba ya katani mkononi, maana mkuu alishampigia simu yeye moja kwa moja kabla hata sijaingia kwake. Nikamwambia Dogo, ukifika usimsogelee, mnisubiri mimi. Akasema sawa dokta. Lakini fikiria kijana kibarua, simu ya bosi mkubwa imemwambia kamata, amefika pale umati wa soko zima unapiga kelele kamata kamata, nani angesimama mikono mfukoni? Mimi nafika naona vumbi, naona watu wanatawanyika, naona Dogo ameshika kiganja chake na damu inapita katikati ya vidole, na mbwa karudi kujibanza nyuma ya magunia.

Kuna mama ntilie pale alikuwa na ndoo zake za maji na kipande cha sabuni ya mche. Nikamvuta Dogo mpaka pale, nikaanza kuosha. Dakika 15 ni nyingi sana ukiwa unaosha mkono wa mtu anayekuuliza dokta nitakufa. Maji yakaisha, yule mama akaleta mengine bila kuulizwa, akawa anamimina yeye na mimi nasugua, na watu wamesimama wanatoa ushauri, mmoja anasema paka pilipili, mwingine anasema kuna mganga anatoa sumu kwa jiwe, nikawafokea, nikasema hakuna pilipili, hakuna jiwe, ni sabuni na maji afu hospitali. Wale watoto wawili walikuwa wameshaoshwa na mwalimu wao, Mungu ambariki yule mwalimu.

Mbwa bado yupo. Kibarua wa pili amesimama mbali anatetemeka, na sikumlaumu wala sikumruhusu asogee. Ndipo nikatoa simu nikampigia Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako ina nini?"

Nikamweleza. Hakuniuliza nani atamlipa, wala hakunikumbusha alivyoondolewa. Akasema mwambieni mtu yeyote asimtupie mawe, nakuja. Akaja na baiskeli, mti wake wa kitanzi ameufunga kwenye kiti cha nyuma, kumbe aliondoka nao kwa vile ulikuwa mali yake, idara haikuwahi kumnunulia. Akazunguka kwa nyuma ya mabanda, akachuchumaa, soko lote likawa kimya, na hata dakika kumi hazikufika mbwa yupo kwenye kitanzi, amebanwa chini, hajamgusa mtu. Daktari akafika na bodaboda na gambuti zake za machinjioni, akamaliza kazi kwa sindano. Tukavaa glovu mbili mbili na miwani, kichwa kikakatwa, kikafungwa vizuri, kikawekwa kwenye deli lenye barafu na kusafirishwa kwa basi kwenda kupimwa TVLA, maabara ya mifugo ya serikali kule Temeke. Nauli ya deli alitoa daktari mfukoni kwake.

Hospitali ndo ilikuwa vita ya pili. Dispensari haina chanjo, kituo cha afya hakina, hospitali kubwa ipo ila ya kulipia, na ile kinga ya haraka inayochomwa kwenye kidonda chenyewe haikuwepo kabisa. Ratiba wakati ule ilikuwa siku ya kung'atwa, halafu siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kila sindano ni hela. Nikampigia mkuu nikiwa dirishani, namwambia kijana wetu ameng'atwa kazini, akaniambia huyo si mtumishi. Nikauliza mfuko wa fidia kwa wafanyakazi je, WCF si ipo tangu 2015, akasema jina lake halijawahi kupelekwa huko. Yaani kijana ametumwa na ofisi, amepigiwa simu na mkuu wa ofisi, ameumia mbele ya soko zima, na kwa karatasi hayupo.

Tukachanga. Mimi, daktari, mwenyekiti wa mtaa, madereva bodaboda wa kijiwe cha pale, na yule mama ntilie alituma elfu mbili kwa simu. Dogo akachomwa ya kwanza siku ile ile. Wazazi wa watoto nao wakahangaika wanavyojua, baba mmoja aliuza redio, na fundi baiskeli ilibidi nimfuate nyumbani kumbembeleza maana alishaona kidonda kimefunga akasema amepona. Nilimwambia kaka, hiki kitu kinaweza kukaa mwilini miezi miwili mitatu kimya, usidanganywe na kidonda. Akaenda.

Majibu ya Temeke yakarudi: kichaa cha mbwa, imethibitishwa.

Nilidhani sasa ofisi itaamka. Kilichokuja kwanza mezani kwangu ni barua ya kujieleza ndani ya siku saba kwa nini nilimruhusu mtu aliyeondolewa kwenye utumishi wa umma kufanya kazi ya manispaa. Niliisoma nimesimama. Nikaijibu usiku ule ule. Niliandika kwamba nilimwita kwa sababu ndiye mtu pekee ninayemfahamu mjini mwenye ujuzi, kifaa na kinga, kwamba mwajiri hakuwa na mwingine, kwamba dokezo langu la Juni la kuomba chanjo kwa vibarua nimeliambatanisha, na kwamba hali ikijirudia nitampigia tena. Daktari alinishauri nitoe hiyo sentensi ya mwisho. Sikuitoa.

Kingine kilichokuja ni agizo la kuua mbwa wote wanaozurura ile kata, kwa risasi. Hapo mimi na daktari tulisimama pamoja kwenye kikao tukasema hapana, tukaeleza kwamba ukiua ovyo unaua na wale waliochanjwa, nafasi inajazwa na wengine kutoka mitaa ya jirani wasio na kinga, na kinachokata ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Chanjo ipo kwenye friji inakaribia kuisha muda, tupeni mafuta tu. Diwani wa kata ile ndiye aliyetuunga mkono, mtoto wake alikuwa anasoma darasa moja na mmoja wa wale waliong'atwa. Mafuta yalipatikana, ila mpaka Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kwa vile kulikuwa na mgeni rasmi. Foleni ya watoto na mbwa wao ilikuwa ndefu, wengine wamewafunga kwa kanga na mikanda ya shule, nilichanja mpaka mkono ukafa ganzi. Julai ile chanjo ilikuwepo vilevile na mbwa walikuwepo vilevile.

Dogo alimaliza sindano zote, mimi nilikuwa namsindikiza kila tarehe kwa sababu aliogopa kwenda peke yake. Yuko hai, watoto wako hai, fundi yuko hai. Malipo ya siku aliyong'atwa hakupewa, kwenye daftari la mahudhurio waliandika hakumaliza kazi. Akaacha, akaenda kuendesha bodaboda. Babu aliendelea kulima bustani yake ya mchicha na hakuna aliyemwandikia hata asante kutoka ofisini, tulimpelekea sisi kilo za sukari na tukakaa naye jioni nzima.

Mimi nilihamishiwa kata ya mbali mwaka uliofuata. Kwenye makabidhiano niliandika kwa kalamu nyekundu mstari wa kwanza kabisa, kabla ya friji, kabla ya mabomba ya sindano, kwamba vibarua wanaokamata mbwa hawajachanjwa na kwamba mkuu wa idara anajua, nikaweka tarehe ya dokezo langu. Aliyenipokea alikuwa binti mgeni kabisa ametoka chuo, akataka kusaini haraka haraka. Nikamwambia mdogo wangu, soma kwanza huo mstari, ndo usaini, na nakala moja kaa nayo wewe nyumbani.