Uji wa Tutaona

Jirani ameanika mabibo, yale matunda ya mkorosho, tangu juzi, na harufu imeingia mpaka chumbani. Wanaoijua wanajua: inaanza tamu, halafu inachacha na kukaa puani siku nzima. Mwanangu ameziba pua kwa kanga. Mimi nimemkumbuka Tutaona.

Tulimkuta shambani kwa Mjomba, juu kidogo ya Mikindani, Mtwara, msimu wa korosho wa mwaka 2012. Mdogo wangu ndiye aliyesikia kitu kinalia chini ya ule mkorosho mkubwa, uliokuwa umejaa chungu wa maji moto hata Mjomba mwenyewe akawa anauzunguka kwa mbali. Ndani ya lundo la mabibo yaliyooza alikuwamo mtoto wa mbwa, rangi ya udongo, macho ndiyo kwanza yamefunguka, tumbo limetuna kwa minyoo, na wale chungu wameshamng'ata masikioni. Mama yake hatukumwona siku ile wala baadaye. Mdogo wangu akamweka kwenye tenga, juu ya korosho, tukashuka naye nyumbani.

Nyumbani ni kwa Bibi, na Bibi ni mtu wa swala. Alikuwa uani, ameshatawadha, anasubiri adhana ya Magharibi. Akalitazama tenga. Hakutugombeza. Aliuliza jambo moja tu.

"Amewalamba?"

Alikuwa ametulamba mikono yote miwili, mimi na mdogo wangu. Bibi akatuelekeza kwenye pipa la maji, akachota udongo safi kando ya mgomba. "Mara saba. Ya kwanza kwa udongo." Akasimama pale pale kutusimamia, ndoo mkononi, na huku anamimina akawa anasimulia. Maji ya pili: palikuwa na mtu yuko njiani, kiu imemshika, akakuta kisima, akashuka, akanywa. Ya tatu: alipotoka akamwona mbwa anahema, anakula tope kwa kiu. Ya nne: yule mtu akasema, huyu kiu yake ni ile ile iliyonishika mimi. Ya tano: akarudi kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno ili mikono ipate kupandia. Ya sita: akamnywesha. Ya saba: Mwenyezi Mungu akamshukuru, akamsamehe dhambi zake.

Mdogo wangu akauliza, "Sasa Bibi, kama ni hivyo, mbona tunanawa?"

"Tunanawa kwa sababu ya swala. Mate ya mbwa ni najisi, hilo halibadiliki. Haya, kaeni hapo, msimguse tena."

Akaenda kuswali. Sisi tukakaa, mtoto wa mbwa analia kwenye tenga, giza linaingia. Nilikuwa na uhakika kwamba akitoka atamwambia Mjomba akamtupe. Alipotoka alikuwa na kifuu cha nazi, na ndani ya kifuu mna uji wa mchele uliopozwa. Akakiweka chini. Mtoto wa mbwa hakujua kulamba. Alitumbukiza pua, akapiga chafya, akaanza kulia upya. Bibi akamtazama muda mrefu. Kisha akachana kipande cha kanga kuukuu, akakifunga kwenye ncha ya ujiti, akakichovya kwenye uji, akamsogezea mdomoni. Akanyonya. Bibi akachovya tena. Alikuwa amechuchumaa, ameshika upindo wa gauni usiguse chini, mkono wenye ujiti ameunyoosha mbali na mwili wake, na magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani. Akaendelea hivyo mpaka kifuu kikaisha, na hakumpa mtu mwingine ule ujiti.

Kila jioni tulikuwa tunamuuliza, "Bibi, atakaa?" Naye anajibu, "Tutaona." Jina likatoka humo.

Akakaa. Mjomba alimjengea kibanda cha makuti kando ya kuni. Ndani ya nyumba hakuingia hata siku moja. Alijifunza mwisho wake ni wapi, akawa analala pale mkeka unapoishia, kichwa juu ya miguu, anafuata kila anayepita kwa macho. Watu walisema, nyumba ya swala inafugaje mbwa? Bibi akawajibu kwamba huyu ni mbwa wa shamba, na mbwa wa shamba ana ruhusa kama alivyo wa kuwinda na wa kuchunga mifugo. Wakati huo Tutaona hajamfikia hata paka kwa ukubwa.

Miaka ile kampeni ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa ilikuwa imefika mikoa yetu ya kusini. Alipotimiza umri wa chanjo Bibi alitufuata nyuma mpaka kituoni, sisi tumeshika kamba. Mtaalamu wa mifugo akatueleza kwamba mtu akiumwa na mbwa, kabla ya kukimbilia hospitali aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Bibi alilipenda hilo. Njia nzima ya kurudi alilirudia.

Alipokua akawa anapanda shambani na Mjomba kila alfajiri. Ngedere waliokuwa wanamaliza muhogo wakahamia kwa watu wengine, na nguruwe pori nao wakapungua.

Mjomba mpaka leo anashikilia kwamba Bibi alimpokea yule mbwa kwa sababu ya muhogo. Mama anasema ni kwa sababu ya kile kisa cha kisimani, basi. Bibi mwenyewe hatukuwahi kumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa. Huenda wote wawili wana haki. Ila mimi nilikuwa naongozana naye kwenda Feri, mjini, kununua samaki. Samaki wetu wakishafungwa, alikuwa anarudi kwa muuzaji na kuomba vichwa vya changu, vifungwe peke yake kwenye mfuko mwingine, na mfuko huo alikuwa anaubeba mwenyewe mpaka nyumbani.