Nilivyoacha kulipa nauli ya kuanzia mara mbili Tokyo

Nakaa karibu na kituo cha Nishi-Ojima, mashariki mwa Tokyo, na shughuli zangu ziko Shibuya. Siendi kila siku, kwa hiyo pasi ya mwezi hainilipi. Kila safari naitolea nauli yake. Nilipohamia huku, programu ya simu ilinielekeza njia iliyo rahisi: panda laini ya Shinjuku hadi Kudanshita, hamia laini ya Hanzomon, shuka Shibuya. Safari ni nzuri, lakini hela zilikuwa zinakatika kuliko nilivyotarajia kwa umbali ule.

Sababu ni kwamba laini hizo mbili zina wenyewe tofauti. Ya Shinjuku ni ya Toei, shirika la serikali ya jiji lenye laini nne. Ya Hanzomon ni ya Tokyo Metro, yenye laini tisa. Kwa hiyo unalipa nauli ya Toei, ukihama unalipa nyingine ya Metro, kila moja ikiwa na nauli ya kuanzia ndani yake, yaani kiasi cha chini kinachotozwa hata kwa safari fupi, kisha unapata punguzo la yen 70. Kwa tiketi ya karatasi ni yen 220 za Toei na 210 za Metro, kufuata nauli za Metro zilizoanza Machi 2023. Toa 70, zinabaki 360. Ukitumia kadi inapungua kidogo sana.

Nikakaa na ramani. Badala ya kutafuta kituo kilicho jirani, nikaanza kuangalia kila kituo ni cha nani. Alama ziko wazi ukishazijua: Toei ina jani la kijani, Metro ina herufi M kwenye buluu. Nikaona Sumiyoshi, kituo kinachofuata baada ya changu, kina laini zote mbili. Ni kama kilomita moja kwa miguu. Ukipandia pale laini ya Hanzomon, unafika Shibuya bila kubadili treni, na nauli ni yen 260. Yaani kwa kulipita geti la kituo changu na kutembea kidogo, naokoa yen 100 kwenda na 100 kurudi. Tangu hapo ndiyo njia yangu. Kwenye programu nikabadilisha mpangilio, nauli ndogo ije juu kabla ya muda mfupi, na nimeshapata njia nyingine za namna hiyo mjini.

Mvua ikinyesha napitia Kudanshita. Ukikata tiketi ya karatasi kwa njia hiyo, hakikisha unabonyeza kitufe cha kuunganisha na shirika la pili kwenye mashine, maana punguzo la yen 70 liko kwenye tiketi ya pamoja. Pale Kudanshita zamani ukuta ulitenganisha jukwaa la Metro na la Toei, na abiria alilazimika kupanda ngazi na kupita geti ili afike upande wa pili. Ulibomolewa na kuanzia Machi 2013 watu wanavuka moja kwa moja. Mtetezi mkubwa wa kubomolewa kwake alikuwa Naoki Inose, aliyekuwa naibu gavana kisha gavana wa Tokyo, ambaye alitaka mashirika yenyewe yaunganishwe. Ukuta uliondoka, mashirika yakabaki mawili.

Naelewa kwa nini. Toei ilibeba madeni makubwa ya ujenzi, hasa ya laini ya Oedo iliyo chini sana ardhini, wakati Metro ilikuwa inaingiza faida. Serikali kuu, iliyokuwa na asilimia 53.4 ya Metro dhidi ya 46.6 za jiji, haikutaka faida hiyo imezwe na madeni. Oktoba 2024 wamiliki hao wawili wakauza nusu ya hisa zao kwenye soko la hisa. Sasa wapo wanahisa binafsi, na muungano umezidi kuwa mgumu.

Wanaotetea hali ilivyo husema mashirika mawili yanashindana, na ushindani humfaa abiria. Mimi siuoni. Siwezi kuchagua Toei au Metro kama ninavyochagua duka. Nachagua ninakokwenda, na reli iliyopo ndiyo hiyo. Seoul nayo ilikuwa na mashirika mawili ya jiji, moja la laini ya 1 hadi 4 na jingine la 5 hadi 8, na yaliunganishwa Mei 2017. Lakini tangu mwaka 2004 nauli ya pale, pamoja na ya mabasi, ilikuwa inahesabiwa kwa umbali wa safari nzima. Abiria alikuwa ameshapata haki yake miaka mingi kabla ya wakubwa kuungana. Hong Kong ilikwenda kwa njia nyingine: shirika la MTR lilipochukua uendeshaji wa reli za KCR, shirika la pili la pale, Desemba 2007, malipo ya kupanda mara ya pili yalifutwa siku ileile.

Kwa hiyo ninachodai Tokyo ni punguzo la yen 70 liongezwe hadi nauli ya kuanzia ya pili iishe kabisa. Hilo halimlazimishi yeyote kurithi madeni ya mwenzake. Linahitaji jiji, ambalo linamiliki Toei yote na bado lina hisa Metro, likae na wenzake na kukubaliana nani atafidia pengo la mapato.