Mtaa wetu na malori ya mafuta

Jana tulikuwa na kikao cha mtaa, na kwa mara ya kwanza ajenda haikuwa taka wala ulinzi shirikishi. Ilikuwa hivi: lori la petroli likipinduka hapa barabarani, nani anafanya nini?

Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Wengi walikuwa wamekwenda kuchota mafuta. Siwalaumu hata kidogo. Petroli ikimwagika bure mbele ya mtu mwenye shida, onyo la siku ileile limeshachelewa.

Afande wa zimamoto alitueleza kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kufuata mitaro. Mama lishe mmoja akauliza, "Afande, na jiko langu la mkaa?" Akajibiwa: "Kama mvuke haujafika, lifukie kwa mchanga uondoke, mama. Ukishasikia harufu, usilirudie." Akatuonyesha pia kibao cha rangi ya chungwa kwenye lori. Namba 1203 ni petroli. Ukipiga 114, namba ya zimamoto, itaje.

Tumekubaliana vijana wa bodaboda wafunge njia pande zote mbili. Sehemu za kukimbilia ni mbili, maana upepo hugeuka. Lori likishika moto, watu wasogezwe angalau mita 800.

Bado orodha ya wazee na wagonjwa wasioweza kutembea. Wajumbe wataanza kupita nyumba kwa nyumba Jumamosi, tafadhali wafungulieni.