Maji ya mfereji

Nilivuka mpaka wa Lunga Lunga asubuhi nikiwa na begi moja, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na kiburi kidogo. Wenzangu waliokwenda kujitolea nchi za mbali walianza kwa kusomeshwa lugha. Mimi mtoto wa Nakuru, naenda Tanga, nisomeshwe nini?

Kutoka Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka, hadi mjini ni kama kilomita 65 za lami. Minazi, vijiji, kisha mkonge umejipanga mistari ukikaribia Amboni. Garini nilikaa na mzee wa Kidigo aliyekuwa akitoka harusini Msambweni. Kwake yeye mpaka ule ni ua tu kati ya nyumba mbili za ndugu. Nilipomwambia nakwenda kukaa miezi sita, akacheka: "Tanga hiyo! Waja leo, waondoka leo." Mpaka tunashuka stendi sikujua kama nimekaribishwa au nimefukuzwa.

Nilipata chumba Ngamiani, kule mitaa inakoitwa kwa namba. Mimi barabara ya kumi na nne. Asubuhi ya kwanza nikatoka na ndoo, nikamkuta mama mwenye nyumba anachambua mchele uani.

"Mama, maji ya mfereji hutoka saa ngapi?"

Mkono ukasimama juu ya ungo. "Ya mfereji? Mwanangu, unataka kuugua?" Akaninyooshea kidole mtaro wa mbele ya nyumba, maji meusi, ganda la chungwa linaelea. Kwetu Nakuru mfereji ndio huo wenye koki. Kwake hilo ni bomba. Alicheka hadi jirani akachungulia kuuliza kuna nini, na kwa wiki nzima watoto wa pale waliniita Kaka Mfereji.

Maneno mengine yalibadilika bila maumivu: stima ikawa umeme, ndengu choroko, githeri makande. Kilichonishinda ni mdomo wenyewe. Kila nikifika kwa muuza chapati nikasema "Nipe mbili," alinipa, kisha akauliza kwa upole, "Una haraka, kaka?" Nikajibu sina. Kesho yake tena: "Una haraka?" Ilinichukua siku kama kumi kusikia wateja wenzangu wanavyosema: "Naomba mbili." Kumbe kila asubuhi nilikuwa natoa amri.

Kazi yenyewe ilikuwa kupanda mikoko pamoja na kikundi cha akina mama wa ufukweni. Ratiba ofisini iliandikwa saa mbili asubuhi kila siku. Bahari haikuisoma. Tulikwenda maji yakipwa, na maji hayapwi saa ile ile siku zote. Kuna siku tulimaliza kabla sijanywa chai, na siku tulianza jua la utosi. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama kijiti cha kijani, ncha moja imechongoka. Siku ya kwanza nilichomeka safu nzima, nikajinyoosha kwa fahari, matope hadi magotini. Mama mmoja akapita nyuma yangu akiing'oa mmoja mmoja na kuigeuza, kimya. Nilikuwa nimepanda vichwa chini.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana sikuwa nimemwamkia tangu tufike.

"Marahaba. Sasa tunaweza kufundishana." Akanishika mkono, akausukuma pamoja na kijiti kwenye tope, ncha ikitangulia. "Basi. Usiizamishe. Iache ipumue."

Mwezi wa tatu nilimpigia mama yangu simu Nakuru. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za kuku, za jirani, za mguu wake, kisha nikamwambia, "Mama, naomba unitumie ile sweta yangu, kaka akija Mombasa."

Akanyamaza kidogo. "Nani amekufa?"