Jirani kaniita "usted"

Leo asubuhi jirani yangu wa ghorofa ya tatu, bibi wa miaka sabini na kitu, kaniita usted, ile "wewe" ya heshima ya Kihispania. Mwaka wangu wa nne huu Madrid, na siku zote nilidhani neno hilo ni heshima tupu. Leo limenichoma.

Nilipofika hapa shikamoo yangu ilikosa pa kutokea, nikaihamishia kwenye usted. Kila mwenye mvi, usted. Bibi huyuhuyu ndiye aliyenikatiza kwenye lifti: "No me hables de usted, que me haces vieja." Usiniite usted, unanizeesha! Tangu hapo tukawa tú kwa tú, ile "wewe" ya watu waliozoeana, kama tuliocheza rede pamoja.

Baa ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mtu anaegemea kaunta, "Ponme un café", niwekee kahawa, na mhudumu wala hanuni; mwenyewe kashamwambia "dime", sema. Mama angesikia angeuliza huyu kalelewa na nani. Mimi na "por favor" zangu tatu kwenye sentensi moja ndiye niliyetazamwa kama mtu aliyekuja kukopa. Marafiki nao huitana cabrón, beberu, yaani mume anayechezewa na mkewe, huku wamekumbatiana. Jaribu kumwita hivyo dereva usiyemjua uone.

Na hiyo tú ina siku zake. Mwaka 2007, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi huko Santiago, Chile, Mfalme Juan Carlos wa Hispania alimgeukia Hugo Chávez, rais wa Venezuela: "¿Por qué no te callas?" Mbona hunyamazi? Hiyo te ni ya tú, akiambiwa rais wa watu mbele ya marais wenzake. Halafu rafiki yangu wa Bogotá, Kolombia, humwita mdogo wake usted, tena kwa mapenzi kabisa. Mimi nishike lipi?

Basi, ya leo. Jana usiku niliacha mfuko wa takataka nje ya mlango, ukavuja hadi kwenye ngazi. Kosa langu. Bibi alinisubiri chini. "Mire usted, aquí viven personas." Hapa wanaishi watu. Hakupaza sauti, hakutukana. Usted ile ilinirudisha siku ya kwanza, mgeni na begi lake.

Nikaomba radhi haraka haraka, "perdona", ya tú, kwa mazoea. Nyusi zikapanda. Ilitakiwa "perdone".

Ngazi nimeshazipiga deki. Kesho lifti siipandi.