Ukurasa wa ngapi?

Mada yangu ya kwanza ya utafiti: "Historia ya Mkonge Tanga". Mwalimu akacheka. "Mwanangu, utamaliza lini?" Kweli, mada ilikuwa pana: mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Nikaipunguza, nikabaki na swali moja tu: manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, walilipwaje?

Babu mmoja wa Muheza, kahawa mkononi, akanieleza kuhusu "kipande": kadi ya kazi ya siku 30, siku uliyofanya kazi ndiyo ilitiwa alama. Nikaandika maneno yake vilevile, na tarehe. Maktaba nikapata kitabu kinachomuunga mkono. Raha iliyoje! Nikanakili aya nzima nyuma ya risiti ya daladala, nikasahau namba ya ukurasa.

Usiku wa kuandika marejeo, ndipo nikajua. Asubuhi nikarudi maktaba, kitabu kimeazimwa. Wiki mbili nzima.